Analala nikimwambia, lakini nikigeuka tu ameshasimama

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa nimechoka. Nina mbwa dume anaitwa Popi, ana miezi minane sasa. Nilimchukua akiwa na miezi miwili, mdogo wa kubebwa kwapani. Tunapendana, hilo sina shaka nalo. Shida ni kwamba hatulii.

Kulala chini anajua. Nikishika kipande cha nyama nikasema "lala", anajibwaga hata kabla sijamaliza neno. Nikiwa mikono mitupu, ananitazama kana kwamba sijasema kitu. Na hata akilala, namwambia "kaa hapo", napiga hatua mbili, nikigeuka yuko nyuma ya visigino vyangu. Narudia "kaa, kaa, Popi kaa!" mpaka sauti inanikauka. Mara anakaa kitako, mara anazunguka, mara anaondoka zake.

Kila Jumamosi tunafanya mazoezi nje nusu saa nzima. Dakika za mwanzo anafuata, halafu anaanza kunusanusa na kupiga miayo. Ikitokea ametulia kidogo, nasimama mbali, namwita "njoo Popi!", anakuja mbio nampa nyama yake kwa kazi nzuri.

Kilichonifanya nikuandikie ni mama mkwe wangu. Amehamia kwetu baada ya kuvunjika nyonga, anatembea kwa fimbo. Juzi alipokuwa anaingia, Popi alimrukia mlangoni, fimbo ikateleza. Ningechelewa kumdaka angeanguka. Nilipandwa na hasira, nikamchapa Popi kwa ndala. Tangu siku hiyo nikimwinamia ili alale, anafyata mkia, anajilaza nusunusu, kisha ananyata kwenda kujificha. Naumia kila ninapoliona hilo.

Mume wangu anataka tumfunge mnyororo mchana kutwa. Kaka yangu huja kwetu mara mojamoja tu, lakini yeye akisema "lala" mara moja, Popi analala. Anasema mbwa ananidharau, na dawa ni kumpindua chali na kumkandamiza mpaka ajue mkubwa ni nani. Je, ni kweli? Na je, nimeshachelewa?

Mama Popi

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umfikishie mama mkwe pole zangu.

Nianze na kaka yako, kwa sababu neno lake ndilo lililokuingia moyoni. Popi hakudharau. Ana umri wa ujana, na ujana wa mbwa una tabia ambayo watu wengi huitafsiri vibaya. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Lucy Asher walichapisha utafiti juu ya mbwa waliokuwa wakilelewa ili baadaye wawaongoze vipofu. Waliwapima wakiwa na miezi 5, kisha wakiwa na miezi 8. Katika miezi 8, mbwa wale waliipuuza amri ya kukaa kitako zaidi ya walivyoipuuza katika miezi 5, pale ilipotolewa na mlezi wao. Mgeni alipotoa amri ileile, utii wao haukushuka. Walezi wenyewe walisema mbwa walikuwa wagumu kufundishika katika miezi 8 kuliko walivyokuwa na miezi 5, na kuliko walivyokuja kuwa na miezi 12. Kwa hiyo kaka yako ni mgeni mwenye bahati, na wewe ni mlezi uliyepatwa na miezi ile migumu. Hujachelewa hata kidogo. Umefika mahali ambapo wengi hukata tamaa.

Hilo la kumpindua chali usilifanye, na umwombe kaka yako asilifanye pia. Mbwa aliyekandamizwa mgongoni hajifunzi kulala, anajifunza kwamba mikono ya binadamu ni ya kuogopwa, na wapo wanaojitetea kwa meno. Wewe mwenyewe umeshaona pigo moja la ndala limefanya nini.

Sasa nikuambie ninavyoiona shida yenyewe. Popi amefundishwa kulala. Kutulia hajafundishwa kabisa. Haya ni masomo mawili, na la pili ndilo kubwa. Hebu jiulize: unapomwambia "kaa hapo", anajuaje muda umekwisha? Hujawahi kumwambia. Amri yako haina mwisho, kwa hiyo mwisho anauchagua yeye, na kila mara anauchagua mapema. Si ukaidi. Ungekuwa wewe umeambiwa usubiri mahali bila kuambiwa mpaka lini, nawe ungenyanyuka ukaenda kuuliza.

Tena lugha yetu hapa inatutega. Neno "kaa" tunalitumia kwa kukaa kitako, na tunalitumia kwa kubaki mahali. Popi amelala vizuri, unamwambia "kaa", naye kwa utii anainuka akakaa kitako! Kisha unamkaripia. Nimeona jambo hili kwa watu wengi mno, na kila mara namhurumia mbwa. Kwa hiyo chagua maneno matatu yasiyofanana: "lala" la kujilaza, "tulia" la kubaki, na la tatu la kumfungua. La kufungua mimi hutumia "huru". Usitumie "haya" wala "basi", maana tunayasema mara mia kwa siku tukizungumza na watoto au kwenye simu, na kila ukilisema Popi atadhani ameruhusiwa. Waambie wote nyumbani, mama mkwe akiwemo, wayatumie maneno hayohayo matatu.

Kabla ya mazoezi, kuna jambo lazima ulione. Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio ya paka aliowafungia ndani ya visanduku. Paka alikwaruza, akang'ata, akajipenyeza huku na kule, hadi kwa bahati akagusa kile kinachofungua mlango. Kila aliporudishwa ndani, kwa ujumla alitumia muda mfupi zaidi kutoka. Tendo lililofungua mlango lilidumu, mengine yakafifia. Sasa mtazame Popi. Akiinuka, nini kinamfungukia? Anakufikia wewe, anasikia sauti yako, na Jumamosi anapata nyama, kwa sababu umemwita na kumlisha alipofika. Ulidhani unamtuza kwa kutulia, kumbe ulichomlipa ni kukimbia. Katika miezi hii amekuwa mwanafunzi mzuri sana wa somo ambalo hukukusudia kulifundisha.

Tuanze upya na "lala", maana na hilo lina kasoro: kwa sasa anaitii nyama iliyo mkononi, neno lenyewe hajalishika. Mtandikie kitu laini, mkeka au blanketi kuukuu. Mbwa wenye manyoya mafupi hawapendi kulaza tumbo na viwiko kwenye sakafu ngumu au yenye baridi. Akiwa amekaa kitako, weka kipande cha chakula puani pake, ushushe mkono wima hadi chini, katikati ya miguu yake ya mbele, kisha uuvute taratibu kuja kwako. Viwiko vikigusa chini, sema "ndiyo!" na umpe papo hapo. Akiinua makalio, umeuvuta mkono mapema au umeupeleka mbali mno. Fanya hivyo mara 3 au 4 tu. Ya 5, fanya ishara ileile ya mkono ukiwa mtupu, na chakula kitoke mkono wa pili, au mfukoni, baada ya kulala. Hapo ndipo watu wengi hukwama, wanaendelea kuonyesha nyama wiki baada ya wiki, halafu wanashangaa mbwa anapokagua kiganja kabla ya kuamua.

Neno huja baadaye, na mpangilio wake una maana. Sema "lala" mara moja, nyamaza kama sekunde moja, ndipo ufanye ishara. Ukisema neno na kuinama kwa pamoja, atasoma mwili wako na kuliacha neno lipite, kwa kuwa mbwa husoma miili yetu kabla ya kusikiliza midomo yetu. Ukitanguliza neno, siku chache tu utaona anaanza kujilaza kabla mkono haujashuka. Asipolala, usirudie neno. Subiri kidogo, kisha msaidie kwa ishara. Neno likisemwa mara 5, atajifunza kwamba amri ni ile ya 5.

Kwa Popi, baada ya lile pigo, kuna marekebisho. Usimwinamie. Kwake sasa, kivuli chako juu ya kichwa ni tishio. Keti chini ubavuni pake, utazame upande, mkono ushuke kutoka pembeni. Ikiwa bado anasita, keti kunja goti moja lifanye kama daraja dogo, upitishe chakula chini yake. Ili akifuate itabidi ajishushe mwenyewe, na akijishusha mwenyewe hakuna aliyemlazimisha. Na njia nzuri kuliko zote kwa mbwa mwenye hofu haihitaji hata amri: mchana akijilaza kwa hiari yake, pita karibu, udondoshe kipande kati ya miguu yake ya mbele, uende zako bila kusema kitu. Wiki moja ya hivyo itasafisha mengi. Hofu hiyo itaondoka, mwanangu. Usijitese nayo.

Sasa "tulia". Mlaze, sema "tulia" kwa sauti ya chini, halafu hapohapo, akiwa bado amelala, mpe kipande. Kingine. Kingine. Viweke chini kati ya miguu yake, usimpe kwa juu, maana kichwa kikiinuka mwili hufuata. Baada ya sekunde 3 sema "huru!" kwa furaha, piga hatua pembeni, umwache ainuke. Akishainuka, usimpe chakula. Hili ndilo geuzo lenyewe: mali yote iko kwenye kulala, na kuinuka hakuna hasara wala faida. Baada ya siku mbili tatu utaona kitu kinachonifurahisha kila ninapokiona: umesema "huru" na mbwa hataki kuondoka.

Kisha refusha muda, ila usipande kama ngazi. Leo sekunde 5, halafu 2, halafu 8, halafu 3, halafu 10. Mbwa anayeona kila zamu ni ngumu kuliko iliyopita huichoka kazi. Anapofika dakika moja ukiwa umesimama palepale, ndipo uanze kusogea, na siku ya kwanza ya kusogea usidai dakika nzima. Hamisha uzito mguu mmoja, rudi, mpe. Nusu hatua nyuma, rudi, mpe. Hatua moja. Muda, umbali na vishawishi ni mizigo mitatu tofauti. Ukiongeza mmoja, punguza mingine miwili. Wewe ulimtwisha yote kwa pamoja tangu siku ya kwanza, tena nje, ambako kuna harufu zaidi ya elfu.

Kugeuka na kumpa mgongo ni kugumu kwake kuliko kurudi kinyumenyume, hivyo kuhesabu kama hatua ya peke yake. Kutoweka asikuone, hata kwa sekunde 1 nyuma ya mlango, ni kugumu zaidi. Na katika wiki hizi zote, usimwite "njoo" akiwa ametulia. Rudi wewe alipo, umpe, useme "huru" ukiwa karibu naye. Mbwa anayejua kwamba utarudi hana sababu ya kukufuata, lakini anayedhani wakati wowote ataitwa hulala akiwa ameukunja mwili kama anayengoja firimbi. Mtazame nyonga: akijilaza ubavu mmoja, miguu ya nyuma yote upande mmoja, ametulia kweli. Akiwa ameikunja chini yake tayari kuruka, bado.

Akiinuka kabla ya "huru", usipaze sauti. Mrejeshe taratibu palepale kwenye mkeka, mlaze, uombe nusu ya muda uliokuwa umeuomba. Akivunja mara mbili mfululizo, kosa ni letu, tumeomba kikubwa. Shuka.

Zile nusu saa za Jumamosi ziache. Ile miayo unayoiona sidhani kama ni ya usingizi. Mara nyingi mbwa hupiga miayo akielemewa, na kunusanusa katikati ya mazoezi huwa na maana hiyohiyo. Dakika 3, mara 4 au 5 kwa siku, zinatosha, na huhitaji nyama ya ziada. Chota sehemu ya chakula chake cha siku hiyo, fanya nacho mazoezi, kilichobaki mpe kwenye bakuli. Hakikisha pia ametembea na kukimbia kabla. Mume wako ana hofu ya haki juu ya mama yake, na simlaumu, lakini mbwa kijana aliyefungwa mnyororo mchana kutwa hufunguliwa akiwa na nguvu za siku nzima, na wa kwanza kukutana naye ndiye anayezipokea.

Badala ya mnyororo, kwa sasa mzuieni kwa muda na kwa makusudi. Kabla mama mkwe hajaingia au kutoka, Popi awe chumba kingine, au awe kwenye kamba mkononi mwako. Kila mara, bila kusahau. Mama asiwe sehemu ya mazoezi kabisa mpaka nitakapokuambia hapa chini.

Mlangoni pafundishwe peke yake, maana mbwa hachukui somo la chumba kimoja akalipeleka kingine kama sisi. Popi anayetulia vizuri sebuleni huenda mlangoni akawa kama hajawahi kulisikia neno. Mlaze kwenye mkeka wake mahali anapouona mlango, mita 3 hivi kutoka hapo. Gusa kitasa, rudi, mpe. Kizungushe, rudi, mpe. Fungua kidogo ufunge. Fungua wazi. Gonga mlango mwenyewe kutoka ndani, maana ule mlio ndio unaompandisha jazba. Ukishaweza yote hayo, mtu wa nyumbani atoke nje, agonge, aingie taratibu asimtazame Popi. Mume wako anafaa sana kwa kazi hii, na itamfanya aone mwenyewe kinachobadilika. Kila mnapopanda daraja, chakula kiwe kingi tena kama siku ya kwanza.

Jambo moja la mwili. Ukiona anajishusha polepole, anaegemea upande, au anakawia kuinuka hata anapotaka kucheza, mpeleke kwa daktari wa mifugo amkague viwiko na nyonga kabla ya kuendelea. Mbwa wakubwa wanaokua haraka hupata maumivu ya maungo wakiwa bado wadogo, na mbwa anayeumia akilala atainuka hata umlipe nini.

Popi akishaweza kutulia dakika 2 mlango ukifunguliwa na watu watatu tofauti wakiingia kwa zamu, na akaweza hivyo siku 5 mfululizo bila kuvunja, ndipo umhusishe mama mkwe. Popi awe amechoka kwa matembezi, awe na kamba, na wewe uwe umeikanyaga mwisho wake ili asiweze kuruka hata akijaribu. Mama aingie kwa mwendo wake mwenyewe, asimwite, aende moja kwa moja kwenye kiti chake. Wewe uwe chini pale mkekani, unadondosha kipande baada ya kipande. Mama akishaketi, fimbo ikiwa imeegemezwa salama upande mwingine, hesabu pumzi zako 10, kisha sema "huru", umwongoze Popi kwa kamba akamnuse mkono.